Mfereji wa Mjomba Senzige

"Mfereji hauzibuliwi siku ya kiu." Ndivyo mwalimu wa kwaya alivyowaambia, nanyi mkacheka mkidhani anazungumzia kilimo. Haya, wajukuu zangu, wekeni chini hiyo tangawizi mnisikilize, maana methali hii ilianzia huku huku kwetu milimani, na aliyeisema wa kwanza hakuwa na cha kumchekesha.

Alikuwa mjomba wangu Senzige, aliyeishi na mama yake, bibi yetu Nanzia. Kazi yake ilikuwa kutunza mfereji uletao maji mashambani kutoka kwenye chemchemi. Kila alfajiri alipanda kuufuata na jembe lake, akiondoa majani na mawe na kuziba mashimo ya fuko. Na huku akitembea aliomba kwa sauti. Hayakuwa maombi makubwa. "Baba, ng'ombe wa jirani amechelewa kuzaa, mwangalie. Mguu wa mama umevimba tena. Asante kwa maji haya." Mfereji ulipita nyuma ya nyumba, hivyo bibi alimsikia kutoka kitandani, akaitikia amina kabla hata hajainuka.

Kisha tangawizi ikapata bei. Senzige akapanua shamba, akaweka vibarua. Mfereji aliendelea kuusafisha vizuri, lakini alfajiri alipita kimya, akiwaza magunia. Bibi akamuuliza, "Mwanangu, mbona siku hizi sikusikii?"

"Mungu hahami, mama. Tukipata shida nitamwita."

Mjinga yule! Nampenda hadi leo, lakini alikuwa mjinga. Miaka ikapita hivyo.

Ndipo bibi akaugua ugonjwa wa kutoinuka. Mchana mmoja alimshika Senzige mkono. "Niombee, mwanangu. Kama ulivyokuwa ukiniombea kule mferejini."

Akapiga magoti. Sisi tuliokuwa chumbani tukafumba macho.

"Ee Mungu," akaanza, akajikohoza. "Ee Mungu, habari za siku nyingi. Pole na kazi."

Hakuna aliyecheka. Akajaribu Baba Yetu, akapotea kwenye mkate wa kila siku. Yeye aliyezoea kumweleza Mungu habari za ng'ombe wa jirani, sasa alikuwa kama mtu anayebisha hodi asijue mwenye nyumba anaitwa nani. Jasho likamtoka. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia.

"Basi, usijitese," bibi akamwambia. "Yeye amekusikia hata kwa hayo machache. Ni mimi niliyetaka kukusikia kabla sijaondoka."

Kabla jua halijatua, akafariki.

Kwenye mazishi watu walimwomba Senzige aseme neno. Alisimama akiutazama udongo.

"Chemchemi haikukauka," akasema. "Maji yalikuwapo siku zote. Ni mimi niliyeacha majani yajae kwenye mfereji wa moyo wangu, nikijidanganya kwamba nitazibua nikishikwa na kiu. Jamani, mfereji hauzibuliwi siku ya kiu."

Watu wakaondoka na neno hilo, likaenea vijiji vyote, likawafikia hata walimu wa kwaya. Mjomba alirudi kuomba, kwanza kwa kigugumizi, kisha kama zamani, na Mungu hakumfukuza. Mungu hana kinyongo, wajukuu zangu. Lakini aliyetamani kuisikia sauti ile alikwisha kuzikwa, na hilo mjomba hakulisahau hadi anakufa.

Mfereji hauzibuliwi siku ya kiu.