Aitwe Nani Binti wa Namkunda?

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, na anayemenya karanga aweke sahani chini. Hadithi hii mimi naifikisha mlangoni tu. Kuiingiza ndani ni kazi yenu.

Katika milima ya Upare aliishi mwanamke aitwaye Namkunda, kitindamimba mwenye dada watatu. Dada hao walikwenda nchi za mbali, kila mmoja kwa wakati wake, na waliporudi kijiji kilicheka. "Wenzao wanarudi na mabati na majokofu," watu walisema, "hawa wamerudi na masimulizi." Hata Namkunda alicheka, japo kwa kuficha mdomo.

Nakijwa, mkubwa wao, alikuwa mtu wa pupa; angepita mlangoni kwako asikuone. Alikwenda Botswana kuwapikia watafiti jangwani, na huko bibi mmoja wa jamii ya wawindaji akamchukua kwenda kuchimba mizizi. Nakijwa alizunguka asubuhi nzima akarudi mikono mitupu. Bibi akamkalisha mahali pamoja. "Tazama hapa mpaka pakwambie kitu," alisema. Jua lilipofika utosini, Nakijwa aliona ufa mwembamba kama uzi, na chini ya ule ufa palikuwa na kiazi kikubwa kama mtungi. Alirudi kwao akiwa mtu wa kutazama.

Elipendo, wa pili, alikuwa mtu wa kuacha mambo njiani. Aliacha shule, akaacha cherehani, akaacha hata harusi yake zikiwa zimebaki siku tatu. Alikwenda Ethiopia, akafuatana na mahujaji waendao kwa miguu kwenye makanisa yaliyochongwa mwambani. Siku ya nne alikaa chini akalia kwamba mlima hauishi. Mama mmoja mwenye nyayo zilizopasuka alimwinua. "Nani kakutuma kupanda mlima?" alimwuliza. "Wewe panda hatua hii." Elipendo alifika siku ya kumi na tisa, na tangu hapo hakuna aliyemwona akiishia njiani.

Mbazi, wa tatu, alikuwa na maneno kuliko redio. Alikwenda kusini mwa India kujitolea katika nyumba ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Lugha ya huko hakuijua, kwa hiyo maneno yake yote yakakosa kazi. Alipangiwa mzee mmoja mfinyanzi, akakaa naye wiki tatu akimshika mkono tu. Mzee alipofariki, mwanawe alimwambia Mbazi kwa kupitia mkalimani, "Baba alisema wewe ndiye uliyemsikiliza." Mbazi alirudi Upare mkimya kiasi kwamba mama yao alidhani anaumwa.

Basi Namkunda akajifungua mtoto wa kiume. Miezi mitano baadaye, homa ikamchukua mtoto yule. Watu walikuja na ndizi na maneno. "Wewe bado kijana, utapata mwingine." Kila neno lilimwingia kama mwiba. Asubuhi moja ya ukungu alichukua blanketi la mtoto, akatoka bila kumuaga mtu. Hakuwa akienda kufa, wala hakuwa akienda kuishi. Alitaka tu mahali pasipo na mtu wa kumwambia pole.

Alipanda hadi msituni, akateremka korongoni, akateleza kwenye mwamba na kifundo cha mguu kikateguka. Akajikokota mpaka kwenye ukingo wa maporomoko, akakaa. Chini yake maji yalinguruma bila kuonekana.

Kule nyumbani, mumewe, Mchome, na wanaume wa kijiji walikimbilia mtoni, maana ndiko alikozoea kufua. Nakijwa hakukimbia. Alisimama nyuma ya nyumba akatazama majani. Umande ulikuwa umelala kila mahali, isipokuwa kwenye mstari mmoja mwembamba ulioelekea mlimani. "Amepita huku," alisema. Wanaume wakaitwa, wakamfuata nyuma, kwenye tawi lililovunjika, kwenye jiwe lililokwanguliwa ukoga, mpaka mdomoni mwa korongo. Hapo goti bovu la Nakijwa likagoma.

Wanaume walichungulia ule ukungu. "Tusubiri uondoke," walisema. "Mwamba huu umeshaua watu." Elipendo, aliyefuatana nao, akafunga kamba kwenye mti, akashuka. Hakuuliza korongo lina kina gani. Alitafuta pa kuweka mguu, akaweka, akatafuta tena. Kamba aliipitisha mti hadi mti ili wa nyuma wapate njia. Saa nane mchana alimkuta mdogo wake, midomo imebadilika rangi kwa baridi.

"Twende nyumbani, mdogo wangu."

"Niache, dada."

Elipendo alibembeleza, akakaripia, akalia. Kila aliposogea, Namkunda naye alijisogeza kuelekea maji. Elipendo akaacha kusogea.

Kamba ikatikisika. Alikuwa Mbazi. Hakusema pole, hakusema twende. Alikaa kwenye tope, mbali kidogo, akatulia. Namkunda alisubiri neno la kumchoma, lakini halikuja. Akasubiri tena. Muda ukapita, na kitu kilichokuwa kimemkaza kifuani tangu mazishi kikaanza kulegea chenyewe.

"Alikuwa ameanza kucheka," alisema hatimaye.

"Alichekaje?" Mbazi aliuliza.

Namkunda alijaribu kukiiga kile kicheko cha kukwama na kuanza upya, na katikati yake akaangua kilio ambacho pole zote zile zilikuwa zimekizuia. Alipomaliza alijipangusa uso kwa blanketi, akawatazama dada zake waliolowa kama kuku.

"Nasikia njaa," alisema.

Elipendo alicheka mpaka akashikilia mti. Wakampandisha jua likiwa bado juu, na Mchome akampokea mkewe, akambeba hadi nyumbani.

Miaka miwili ikapita. Namkunda akazaa binti, mzima, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Ndipo mama mkwe wake, Bi Nangasu, alipomkalisha. "Mtoto anatolewa nje leo. Katika ukoo wetu hupewa jina la mtu mmoja aliye hai, na huyo ndiye somo wake, atakayemfunza kuishi. Jina ni moja, mwanangu. Mwenye masomo watatu hana somo."

Dada watatu wakasikia, kila mmoja akataka jina liwe lake, na mzozo ukaanza palepale jikoni.

"Bila macho yangu," alisema Nakijwa, "mngekuwa mtoni mnapekua matete."

"Macho yako yalibaki juu, dada," alisema Elipendo. "Iliyoshuka ni miguu yangu."

"Mlimwona, mkamfikia," alisema Mbazi kwa upole, "lakini yeye hakutaka kupatikana."

"Na wewe ungefikaje bila kamba yangu?"

"Na kamba ungeifunga mlima gani bila mimi?" Nakijwa alidakia.

Namkunda alicheka hadi maziwa yakamlowesha gauni. Aliwatazama wote watatu, wazima, wakigombania mtoto wake, akashusha pumzi ndefu. Kumbe moyo uliokaa ukingoni mwa maporomoko unaweza kupata shida tamu namna hii!

Sasa wageni wamejaa uani. Bi Nangasu amembeba mtoto na ameinamisha sikio, anangoja kunong'onezwa jina. Namkunda amefumbua mdomo, hajatamka.

Aliyeona, aliyefika, au aliyekaa? Je, wewe ungeamua vipi?