Mikono Themanini ya Kushoto

Katika karakana ile ya ushonaji, aliyeaminiwa kukata kitambaa alikuwa mmoja tu. Wenzake walimwita Bi Salama, si kwa jina bali kwa jibu, maana ungemwuliza habari za asubuhi, za nyumbani au za mgonjwa, zote kwake zilikuwa salama. Hata siku aliyoingia kazini na viatu visivyofanana, alisema salama.

Ukweli ni kwamba maji yalikuwa yamemfika shingoni. Tangu mama yake avunjike nyonga na kuhamia kwake miezi mitatu iliyopita, aliamka kabla ya jogoo, akamwogesha, akapika, akafua, kisha akakimbilia kazini. Chakula cha mchana alikiruka, na usingizi ulimpaa. Kaka yake aliishi mtaa wa pili, lakini Bi Salama aliapa moyoni kutomwambia kitu, asije akaonekana ameshindwa kumtunza mama. Kujiumiza huko alikuita uvumilivu.

Wiki hiyo chuo cha wauguzi kilikuwa kimeagiza majoho arobaini ya mahafali, ya kuchukuliwa Ijumaa. Kitambaa chake kiling'aa upande mmoja tu, na kila mkataji anajua kwamba cha namna hiyo hulazwa tabaka mbili mbili, pande zinazong'aa uso kwa uso, ili mkasi utoe mkono wa kulia wa joho pamoja na wa kushoto. Jumatatu Bi Salama alikilaza huku akili ikiwa nyumbani, pande zote zinazong'aa zikatazama juu. Akakata.

Kesho yake mshonaji mmoja, mwanamume mrefu waliyemwita Ngazi, alimwendea na vipande viwili, akaviweka mezani taratibu.

"Dada, nimegeuza hivi, nimegeuza vile. Mikono yote ni ya kushoto."

Themanini. Mkataji aliyemtangulia aliondolewa kwa kosa dogo kuliko hilo. Uongo ulimjia mdomoni, kwamba kitambaa kililetwa na kasoro, lakini Ngazi hakuwa tena akitazama kitambaa, alikuwa akimtazama yeye.

"Nyumbani kweli salama?" akamwuliza.

"Si salama," alisema, na machozi yakayatangulia maneno. Alieleza yote akiwa amesimama, na cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine.

Mwenye karakana, mwanamke mwenye ulimi kama wembe, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamtoa mkasi mkononi. Bi Salama akajua kitumbua chake kimeingia mchanga.

"Leo nakata mimi," mwenye karakana akasema. "Wewe nenda ukale, kisha umpigie kaka yako."

Kitambaa kilichobaki kilitosha mikono ya kulia, kwa kuungwa chini ya kwapa pasipoonekana. Kaka alifika jioni ile ile na mkewe, amenuna, akauliza tangu lini mama amekuwa wa mtu mmoja. Wakagawana siku. Katika siku zisizo zake Bi Salama alirudi nyumbani kwa miguu, polepole, akalala mapema kama mtoto. Ijumaa majoho yalichukuliwa, na Jumamosi alikabidhiwa tena mkasi wake.

Jumapili asubuhi alimpelekea mama maji ya kuoga, akakaa kitandani na kukiri kwamba miezi yote ile alikuwa hoi.

Mama alimtazama sana. "Nami nilidhani umenichoka. Ulikuwa ukiniogesha kimya, uso umeukunja, hata nikaogopa kukuambia kuwa nikipata kigoda naweza kuoga mwenyewe. Mwezi mzima sasa."

Mwezi mzima wa kuamka alfajiri bure! Bi Salama hakujua acheke au alie, akafanya yote mawili, kisha akaenda kuleta kigoda.

"Uchi wa mwili wangu umeuona kila siku," mama akasema akipokea sabuni. "Huu mwingine ndio tuliofichana mimi na wewe, mwanangu, na mficha uchi hazai."