Kigoda cha Mkamburi

Hapo zamani, kabla ya mabomba na mita zake, palikuwa na kijiji mlimani kilichoishi kwa mfereji mmoja tu. Mfereji huo ulianzia kwenye chemchemi juu, ukazunguka ubavu wa mlima, ukashukia mashambani kwa milango minane ya mawe na udongo. Jina la kijiji silitaji. Wenyewe wapo, na ni wepesi wa kukasirika.

Mfereji ulikuwa na mkuu wake, na mkuu alishika pembe ya tandala. Akiipiga alfajiri, mlango wa mwenye zamu hufunguliwa. Asipoipiga, haufunguliwi, hata mahindi yanyauke.

Sasa sikilizeni desturi yao, maana hadithi yote imo humo. Mkuu akichoka, hamtaji mrithi wake mwenyewe. Huweka kigoda mbele ya watu na kumkalisha mtu mmoja, yule aliyemfanya akawa mkuu. Huyo ndiye hukabidhiwa pembe kwa siku moja, na ndiye humtaja mkuu mpya. Mpaka kigoda kipate mtu, milango yote hukaa imefungwa. Kigoda chenyewe kilikuwa na miguu mitatu, lakini makalio kilichukua ya mtu mmoja tu, tena asiwe amenenepa.

Basi, mwanamke mmoja, Mkamburi, alikuwa mkuu wa mfereji kwa miaka ishirini na miwili. Magoti yakaanza kumsumbua, akasema, "Imetosha." Akaweka kigoda kwenye nyasi, karibu na mlango wa kwanza. Maharage mashambani yalikuwa yamechomoza majani mawili mawili, yana kiu. Mkamburi alidhani kazi ni ndogo. Akafungua mdomo amwite Wawuda.

Wawuda alikuwa bibi mwembamba, fundi wa mfereji kuliko watu wote. Hata kabla hajaitwa, alikuwa ameshasogea.

"Huyu alikuja kwangu hajui hata kushika jembe," akawaambia watu. "Nani alimtembeza peku ndani ya maji mpaka nyayo zake zikajua ubaridi wa mahali panapovuja? Mimi. Nani alimwonyesha tundu la kaa, na jinsi ya kuliziba kwa udongo na gome la mgomba? Mimi. Miaka saba! Mkamburi, kuna jambo la mfereji unalolijua ambalo hukulipata kwangu?"

"Hakuna, mama."

"Basi nikae."

"Ngoja kwanza!" sauti ikatoka upande wa pili. Alikuwa Righa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. "Wawuda, siku ile wazee walipouliza, 'Nani atasimama aseme huyu anaweza?' wewe ulikuwa wapi?"

Wawuda akaangalia vidole vya miguu yake. "Nilikuwepo."

"Ukasema nini?"

"Sikusema kitu."

"Mimi nilisimama," akasema Righa. "Mambo ya mfereji siyajui, na kaa mpaka leo namwogopa. Lakini nilisema, 'Mpeni Mkamburi. Akishindwa, mlango wa shamba langu uzibwe kwa mawe na usifunguliwe tena.' Na nilikuwa na watoto sita! Ufundi wake wote ungeozea miguuni mwake kama mimi nisingefungua mdomo. Basi nikae mimi."

Watu wakampigia makofi. Ni kweli, alisimama, na kila mtu mzima pale alikumbuka.

Mkamburi akamgeukia Wawuda. "Mama, kwa nini ulinyamaza?"

"Nilikupenda, mwanangu. Nilimwona Zighe, aliyekutangulia kushika pembe, alivyozomewa. Sikutaka na wewe wakuzomee."

"Kimya chako kiliniuma kuliko kuzomewa," akasema Mkamburi, na machozi yakamlengalenga. Alikuwa hajawahi kumwambia.

Kisha akamgeukia Righa. "Na wewe, dada, kwa nini ulisimama? Uliona nini kwangu?"

Sasa Righa ana ila zake, lakini mwongo si yeye. Akakuna shingo. "Aliyekuwa akigombea pembe na wewe alikuwa shemeji yangu, Mwakio. Nilikuwa nimemchoka. Siku ile ningemsimamia hata mbuzi, mradi asiwe Mwakio."

Watu wakaangua kicheko, na Mwakio mwenyewe akacheka mpaka akashika mbavu. Mkamburi naye alicheka, ila neno lile lilimchoma. Miaka yote hiyo aliamini kwamba kuna mtu mmoja alimtazama akaona mkuu ndani yake.

Jua likazama. Kigoda kitupu. Wakarudi siku ya pili, wale wawili wakasema yale yale, kwa sauti kubwa zaidi. Kigoda kitupu. Siku ya tatu majani ya maharage yalianza kujikunja, na Mkamburi akamwona mwanamke aliyekaa nyuma kabisa, ameinamisha kichwa. Alikuwa Zighe.

Huyu Zighe nimtambulishe kwenu. Yeye ndiye mwanamke wa kwanza kushika pembe ile, kabla ya Mkamburi, na alidumu nayo msimu mmoja tu. Mwaka ule ulikuwa wa ukame. Huyu alikuja analia, Zighe akamwonea huruma. Yule akaja analia, akamwonea huruma. Asubuhi moja akafungua milango yote minane. Maji yakagawanyika, udongo ukayanywa njiani, yasimfikie mtu. Mahindi ya kijiji kizima yakakauka. Wakamnyang'anya pembe, wakamtungia wimbo wa kumcheka, na watoto wakauimba kwenye mchezo wa kuruka kamba.

Mkamburi naye alikutana na ukame, mwaka wake wa pili. Aliyemjia analia alikuwa mama yake mzazi. "Mwanangu, nifungulie kidogo tu." Wimbo wa Zighe ukamjia kichwani, akakataa. Akafungua mlango mmoja, siku moja, kwa zamu. Mama yake hakumsemesha mpaka mavuno. Lakini mavuno yalikuwepo.

"Mama Zighe," akaita, "sogea mbele."

"Sikuja kudai. Nimekuja kuangalia."

"Sema tu neno moja."

Zighe akainuka polepole. "Niseme nini? Siku uliyopewa pembe nilikufuata njiani nikakwambia uikatae. Huo ndio ushauri wangu pekee kwako, na hukuufuata. Sikukufundisha, wala sikukusimamia." Akainua uso. "Lakini niliungua mimi, moto ukaujua wewe. Na waliponiona mimi na pembe, walishangaa mwezi mzima. Walipokuona wewe, hawakushangaa. Mshangao wao wote niliumaliza mimi."

Hapo hakuna aliyecheka. Hata waliotunga wimbo walitazama chini.

Wawuda akakitazama kigoda. Righa akakitazama kigoda. Zighe hakukitazama. Na kila mtu pale alijua kwamba mambo hayaishii kwenye kukaa. Akikaa Wawuda, pembe itakwenda kwa mwanamke anayeujua mfereji. Akikaa Righa, itakwenda kwa asiyeogopa watu. Akikaa Zighe, labda itakwenda kwa aliyewahi kuanguka.

Ndipo Mwakio, ambaye shamba lake liko mlango wa nane na maharage yake ndiyo yaliyonyauka zaidi, akapaza sauti: "Jamani, tunakufa! Si wakae wote watatu kwa zamu? Washukuriwe wote, yaishe!"

Watu wakaitikia, "Ndiyo! Wote!"

Mkamburi akawatazama wale watatu, mmoja mmoja. "Miaka ishirini na miwili nimegawa maji na sikukosea zamu," akasema. "Leo shukrani inanishinda kuigawa. Lakini nikiifungulia milango yote, haitamfikia mtu."

Zighe aliposikia hivyo alifunika uso kwa kanga, na mabega yake yakatikisika. Mkamburi akaiinua pembe, akamshika mkono mwanamke mmoja kati ya wale watatu, akaenda naye kwenye kigoda.

Alimshika nani? Bibi aliyenisimulia alinyamaza hapo hapo, akaendelea kuchambua mboga zake. Nilimbembeleza, nikamnunia, hakusema. Tangu hapo nimeipeleka hadithi hii kwenye harusi, kwenye vikao vya kina mama, mpaka kwenye foleni ya zahanati. Walimu husema Wawuda, wala hawasiti. Wenye vyeo husema Righa, na wengine wao husema huku wakitazama pembeni. Mwanamke mmoja aliyewahi kuvuliwa ukuu wa shule alisema Zighe, akanyanyuka akaenda zake. Mimi kila nikiisimulia hubadili mawazo.

Haya, nanyi mlionisikiliza, msiniambie "wote", kwa maana mmesikia yaliyompata aliyefungua milango minane. Kigoda ni kimoja, na mwenye pembe anangoja. Je, nani alistahili?