Kiboko Aliyechagua Ushuri

Paukwa.

—Pakawa.

Pakawa wapi?

—Pakawa penye ubao na chaki.

Nani aliketi?

—Aliyeshiba.

Nani alisimama?

—Aliyekosa hesabu.

Haya, kaeni vizuri. Wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzio, hadithi yenyewe ina maumivu ya kutosha. Mimi nilikuwa mpishi katika shule ya wanyama kando ya mto, na ninasimulia niliyoyaona kwa macho yangu. Asiyeamini akapike yeye.

Mwalimu mkuu wa shule ile alikuwa Kiboko. Jina lake Kiboko, fimbo yake kiboko, na kwa hesabu alijiita kiboko yao. Alitunga sheria, akaigonga muhuri, ndu, akaibandika mlangoni: anayekosa swali la hesabu hutoa bakuli lake la makande. Basi kila siku kabla ya kengele ya chakula aliingia darasa la sita, gudu, gudu, gudu.

"Saba mara nane?"

Kanga anabahatisha. "Hamsini na nne?"

"Umekosa. Lete bakuli."

Fyoo. Bakuli limekwisha.

"Robo ya thelathini na sita?"

Digidigi anatazama miguu yake.

"Umekosa. Lete bakuli."

Fyoo.

Msidhani Kiboko alizijua hesabu zile. Majibu aliyasoma kwenye kitabu cha majibu, na kitabu chenyewe alikuwa akikikalia. Kufundisha hakufundisha, kwa sababu mtoto akijua, Kiboko hali. Mimi napika sufuria ya kuchota pawa sitini, watoto ni ishirini na saba, na bado Digidigi alianguka mstarini Jumatano moja kwa njaa. Nililia jikoni siku ile, na si kwa ajili ya vitunguu.

Muhula wa pili akaletwa mwalimu mpya, Mwalimu Pimbi. Mdogo huyo, ubaoni hafiki hata akipanda kiti. Kiboko alimtazama, akacheka mpaka tope likamdondoka.

"Hapa tunafundisha kwa kiboko," akasema. "Wewe fimbo yako iko wapi?"

"Sina, Mwalimu mkuu. Nina karatasi."

"Karatasi inauma?"

"Haiumi. Lakini naahidi, kabla ya shule kufungwa, hakuna mtoto wa darasa la sita atakayelala njaa."

Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza chumvi. Mimi nikajisemea, huyu hajui anakoingia.

Jioni Pimbi akaenda kwa Konokono mwenye steshenari. Mashine ya Konokono ilifanana na mwenyewe. Krrr, ikapumzika. Krrr, ikapumzika. Pimbi alisubiri mpaka karatasi ya mwisho, hakwenda hata kunywa maji. Asubuhi akaingia darasani na mkasi mmoja na furushi la michezo.

Siku ya kwanza akagawa karatasi za miraba, kila mraba na namba yake. "Nikitaja saba mara nane, mwenye hamsini na sita aweke punje ya mahindi. Atakayekuwa wa kwanza kujaza mstari ameshinda." Punje nilitoa mimi jikoni, msimwambie mtu. Tap, tap, tap. Kwanza walikosa. Wakakosa tena. Pimbi akasema, "Tunarudia." Wakarudia.

Siku ya pili, tap, tap, tap. "Tunarudia." Wakarudia. Siku ya tano Kanga alikuwa anataja majibu kabla Pimbi hajafunga mdomo.

Wiki iliyofuata zikaja kadi za sehemu. Upande mmoja tarakimu, upande wa pili neno: nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumni, tusui, ushuri. Na duara za karatasi za kukata. Ukivuta kadi ya robo, unakata duara vipande vinne, unachukua kimoja. Ukivuta ushuri, unakata kumi, unachukua kimoja, na wenzako wanakucheka kwa sababu kipande chenyewe hakimtoshi hata sisimizi.

Mchana mmoja Kiboko akaingia, gudu, gudu, gudu.

"Robo ya thelathini na sita?"

"Tisa," akasema Digidigi.

Kiboko akainuka kidogo, akakichungulia kitabu. Tisa kweli. "Humusi ya arobaini?"

"Nane," akasema Kanga.

Siku ile Kiboko hakupata bakuli hata moja. Kesho yake pia. Siku ya nne tumbo lake lilikuwa linaunguruma kuliko lori la mchanga, na yeye akaunguruma zaidi.

"Michezo marufuku. Hii ni shule, si kijiwe. Leteni hizo karatasi nizitafune."

Watoto wakazikumbatia kadi zao. Digidigi hakuachia. Pimbi akapita mbele, akasimama chini ya pua ya Kiboko.

"Mwalimu mkuu, kabla hujazitafuna, cheza nasi mara moja. Kadi tisa mezani, wewe uchague moja. Kadi utakayochagua ndiyo fungu lako la sufuria, kila siku, mpaka shule ifungwe. Hakuna maswali tena, hakuna kumpokonya mtoto. Tunaandika, unagonga muhuri."

"Nani anachagua kwanza?"

"Wewe peke yako ndiye unayechagua."

Hapo sikio la Kiboko likasimama. Pimbi akapanga kadi, maneno juu. Kiboko akazipitia kwa pua, fuu, fuu, fuu.

"Nusu," akasoma. "Nusu si nzima. Mtu mzima hali nusu. Thuluthi, mh. Humusi, sudusi, haya ni magonjwa." Akafika mwisho, macho yakamng'aa. "Hii hapa. Ushuru."

"Isome vizuri, Mwalimu mkuu," akasema Pimbi.

"Unanifundisha kusoma? Ushuru huchukua mkubwa, na mkubwa hajibani."

"Unaruhusiwa kuigeuza uone tarakimu."

Akaigeuza. Moja juu, kumi chini. Akageuza na ya robo na ya nusu. Akacheka. "Robo nimeona ina nne, nusu ina mbili tu. Hii ina kumi. Mnataka kunificha kumi?"

"Uchague tena ukipenda. Nakuambia mara ya tatu."

"Sichagui tena."

Darasa zima lilikuwa limeuma midomo. Kanga alijificha chini ya dawati. Pimbi akaandika, muhuri ukashuka, ndu.

Nikaitwa na sufuria yangu. Kiboko akafumbua mdomo, mnaujua mdomo ule. Nikachota upawa wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita, nikafunika sufuria.

"Mbona unafunika?"

"Ushuri wa sitini ni ngapi, watoto?" nikauliza.

"Sita," wakajibu wote ishirini na saba.

"Ushuru," akasema Kiboko.

"Ushuri," akasema Pimbi. "Fungu moja katika kumi. Muhuri ni wako, Mwalimu mkuu, na mashahidi wako hawa hapa."

Kiboko alitazama karatasi, akatazama mlango, akatazama watoto. Walikuwa wamesimama wote, bakuli mkononi, na hakuna aliyetazama miguu yake. Akala pawa zake sita. Zilizobaki zilikuwa hamsini na nne, kila mtoto mbili, na mimi nikakwangua ukoko.

Kesho yake, kipindi cha kwanza, gudu, gudu, gudu. Kiboko kaingia darasa la sita bila fimbo. Akajibana kwenye dawati la nyuma, krak, dawati likalalamika.

"Nipeni na mimi hizo kadi," akasema, akitazama pembeni.

Digidigi akamkimbilia Pimbi, akamnong'oneza. "Mwalimu, usimfundishe. Akijua, muhula ujao atachagua nusu."

Pimbi akachukua furushi moja, akampelekea Kiboko, kisha akarudi kwa Digidigi.

"Akijua kweli," akasema, "atajua pia kuhesabu mko wangapi."

Na mimi nikasongesha mwiko, hadithi ikaiva, mwenye bakuli apokee, mwenye kusinzia akalale.

Fundisho, maana hamtaniachia niende bila fundisho: wanangu, kwenye hesabu msicheze kabisa. Michezo ni mibaya. Inawashibisha watoto, na wakubwa wanabaki na njaa.