Jina la Kuandika Kwenye Fomu

Sogeeni karibu. Nina jambo limenikaa kooni, na leo nawatwika nyinyi.

Mimi ni meja wa kikosi cha kujenga madaraja, na nina maofisa watatu ambao hawajafika chuo kikuu. Kapteni Mapunda alianza jeshini akiwa kuruta. Akikanyaga udongo mara moja anajua utabeba nini. Luteni Zawose, dada wa Kigogo, ana kichwa cha hesabu. Luteni Rweyongeza ana ulimi, hata mtu aliyenuna atamsikiliza. Msomi ni mimi peke yangu, na digrii yangu naitaja hata nisipoulizwa.

Miezi mitano iliyopita Mto Lukwiza ulifurika, ukazingira watu sitini ng'ambo ya pili. Tukaamriwa kuwawekea daraja la vyuma. Nilipiga kigingi ukingoni nikasema, "Hapa."

Mapunda aliona tangu asubuhi kwamba pale ni pabovu. Lakini jeshini kigingi cha mkubwa hakigusi mtu mbele ya askari, akanyamaza. Saa saba mchana uzalendo ukamshinda, akanivuta pembeni. "Afande, hapa patamomonyoka. Tupande juu hatua arobaini." Tukahama. Saa kumi pale pangu palikuwa maji matupu.

Zawose alikaa juu ya sanduku la zana, akapiga hesabu za uzito. "Wanane kwa mara moja, afande, asizidi hata mtoto." Wakapita wanane wanane. Vyuma vililia lakini vilishika.

Ila kabla ya hapo watu walikuwa wamegoma kuacha nyumba zao. Rweyongeza alivuka peke yake akaketi nao. "Bibi, chukua kuku wako twende. Jumamosi mnarudi." Bibi akasimama, wengine wakamfuata. Wa mwisho alipokanyaga nchi kavu, hazikupita dakika kumi mto ukalibeba daraja lote.

Makao makuu yakafurahi, yakatupa nafasi moja ya chuo kikuu, apewe ofisa aliyewaokoa watu wale. Nikawaita wote watatu ofisini. Nilitarajia wagombane. Badala yake kila mmoja aliinamisha kichwa.

"Mimi nilinyamaza nusu siku," alisema Mapunda. "Nilijua ni pabovu, ila sikujua kwa nini, nikaogopa kubishana na msomi. Ningesoma, ningesema asubuhi. Tena ninachokijua ningewaandikia hawa vijana, wabaki nacho."

"Ile nane nilikisia, afande," alisema Zawose, machozi yakimlengalenga. "Kitabu cha hesabu za madaraja kilinishinda katikati, nikapunguza tu kwa woga. Siku nyingine nitakisia vibaya, na watu watakufa."

Rweyongeza alisema wa mwisho. "Jumamosi niliitunga. Yule bibi bado yuko kwenye kambi ya waliohamishwa, kila nikienda ananiuliza ni Jumamosi gani. Nataka nifundishwe namna ya kuwaongoza watu bila kuwadanganya."

Niliwaruhusu waende, nikabaki na aibu yangu. Maana miaka kumi na sita nyuma, mimi nikiwa luteni na Mapunda koplo, kikosi kilipata nafasi kama hii. Tulikuwa tumekiopoa kivuko kilichozama, na mbinu ilikuwa yake, mwanzo hadi mwisho. Mkubwa akanipongeza mimi, na nafasi akanipa mimi. Nilipiga saluti nikakaa kimya, na hivyo ndivyo nilivyosoma. Mapunda hajawahi kulitaja hata siku moja. Kila asubuhi ananipigia saluti, nami naipokea huku naona haya.

Sasa ana miaka arobaini na nne, na mwakani umri hautamruhusu tena. Hao wawili bado ni vijana, lakini nafasi ijayo haijulikani itakuja lini, na mafuriko hayasubiri. Nikimpa Mapunda, nitakuwa nimemtendea haki, au nitakuwa nimejisafisha kwa jasho la Zawose na Rweyongeza? Nikimnyima, nitakuwa nimemwibia mara ya pili.

Fomu inatakiwa kesho saa mbili asubuhi. Haya, shikeni nyinyi kalamu: mngeandika jina la nani?