Ulezi Chini ya Jani

Imepokewa kutoka kwa wazee wa Ufipa kwamba, katika siku za mapadri wa kwanza waliozaliwa katika nchi ile, palikuwa na kigango kilichoitwa Isundwa, na katika kigango hicho aliishi mama mcha Mungu jina lake Simforosa. Alibatizwa akiwa msichana, akafunga ndoa kanisani, akazaa. Kisha mume wake akafariki, na ukoo wa mume ukakaa kikao, ukaamua arithiwe na shemeji yake, mtu ambaye tayari alikuwa na mke. Simforosa hakuulizwa. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kufa na watoto wake walikuwa wadogo. Kukataa kungekuwa kuondoka bila mahali pa kwenda, au kuondoka bila watoto. Akakaa.

Tangu hapo hakupokea tena Komunyo Takatifu, kwa kuwa aliijua sheria ya Kanisa na hakutaka kuichezea. Lakini hakuacha kusali. Kila Dominika alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na wenzake walipokwenda mbele yeye alibaki amepiga magoti. Watu walimzoea pale kama wanavyozoea nguzo ya nyumba.

Isundwa walikuwa na desturi yao. Dominika moja kabla ya mvua za kwanza, kila nyumba ilileta kanisani kikapu cha mbegu za ulezi. Vikapu vilipangwa mbele ya altare, na padre, aliyekuwa akija kwa miguu kutoka misheni, alipita akiuliza, "Mbegu za nyumba ya nani?" Akitajiwa, alirudia jina la nyumba ile kwa sauti, akaiombea, akanyunyiza maji ya baraka. Nyumbani mama alichanganya mbegu zile na zilizobaki ghalani, na kesho yake kikundi cha jembe kilianza kazi. Hiki kilikuwa kikundi cha wanawake waliolima pamoja, leo shamba la huyu, kesho la yule, wakivunja matuta ya majani yaliyofukiwa mwaka uliopita. Hawakuingia shamba ambalo mbegu zake hazikubarikiwa. Waliogopa mkosi.

Mlinzi wa desturi hiyo alikuwa katekista, Mwalimu Damasi. Alikuwa mtu mwadilifu. Alifundisha sala kwa uvumilivu, alizika maskini wasio na ndugu, na hakuna aliyewahi kumsikia akisengenya. Lakini alikuwa ameweka utaratibu kwamba vikapu vya nyumba zisizo katika sakramenti visivuke mlango. Viliwekwa nje, ukutani. "Baraka ni kitu kitakatifu," alisema. "Ukikimwaga kila mahali, watu watasema kila kitu ni sawa." Aliamini hivyo kwa moyo safi, na hakuna aliyembishia.

Miaka ya mwanzo Simforosa alivumilia. Aliacha kikapu chake ukutani, akakirudisha nyumbani kama kilivyokuja, akalima peke yake na watoto. Alichopata kilitosha kidogo, na kidogo kilitosha. Lakini ukaja mwaka ambao viwavi walikula mashamba mengi, na njaa ikaingia mapema. Yeye alibakiwa na kikapu kimoja cha mbegu, hata hakikujaa. Aliyewahi kulaza watoto kwa uji unaoonyesha chini ya bakuli anaelewa maana ya kuwa na ulezi ndani ya nyumba na kutousaga. Simforosa hakuusaga. Ila nguvu zilikuwa zimemwishia, na alijua kwamba mwaka ule, bila kikundi cha jembe, hawezi kuvunja matuta yote kwa wakati, na akichelewa hatavuna.

Jirani yake Evodia, mwanamke mcheshi asiyefunga mdomo wala mlango, alimkuta Jumamosi amekaa kizingitini akikitazama kile kikapu.

"Mama Gaudensi, unakihesabia punje?"

"Nafikiri tu."

"Kufikiri hakuvunji matuta. Lete hapa. Kikapu changu ni kikubwa kama tumbo la mume wangu. Tutamwaga zako chini, tutaweka jani la mgomba, zangu juu. Padre ananyunyiza, maji yanashuka, kwisha. Na mimi nitawaambia wenzetu kwa kinywa changu, 'Za Mama Gaudensi zimebarikiwa.'"

"Na Mwalimu Damasi?"

"Mwalimu Damasi ana macho mawili, na yote yanatazama mlangoni. Wewe na Mungu mna ugomvi gani? Mungu anaona mpaka chini ya jani."

 Ndani mtoto wake mdogo alikuwa analia kilio kile cha njaa, kisichokuwa na hasira tena. Simforosa akainuka, akamimina ulezi wake wote katika kikapu cha jirani, na Evodia akatandika jani juu yake kama anayemfunika mtoto.

Siku ya pili kanisa lilijaa. Padre alikuwa mzee aitwaye Anselmi, mwana wa nchi ileile, miguu yake imevimba kwa njia ndefu. Baada ya Misa alishuka mbele ya vikapu.

"Mbegu za nyumba ya nani?"

"Nyumba ya Polikarpi, Padre."

"Bwana aikumbuke nyumba ya Polikarpi, aipe mvua ya kutosha na mikono ya kuvuna."

Akaendelea hivyo, nyumba baada ya nyumba, na kila jina lilipotajwa watu wa nyumba ile waliinamisha vichwa. Alipofika kwa Evodia, akauliza. Evodia akajibu bila kupepesa macho, "Nyumba ya Evodia na Wensesi, Padre."

Padre akainua mkono. Na kule nyuma, katika benchi la mwisho, Simforosa akasimama.

"Padre, ngoja."

Watu wote wakageuka. Haikuwahi kutokea sauti kutoka benchi lile.

"Padre, chini ya jani kuna mbegu zangu. Mimi ni nyumba ya pili ya shemeji yangu. Nimezificha."

"Mungu wangu, mwanamke huyu!" alisema Evodia, na kanisa zima likamsikia.

Mwalimu Damasi alikuwa amekwisha kusogea mbele, uso umemkauka. "Padre, uniwie radhi. Kosa hili ni langu, nililinda mlango vibaya. Nitakitoa nje sasa hivi."

Akina mama walianza kunong'ona. Mmoja aliuliza wazi kama vikapu vyote vilivyokaa jirani na kile vimeharibika. Simforosa alisikia, na alijua maana yake. Sasa alikuwa amepoteza baraka na jembe kwa pamoja, na pengine jirani pia.

 Padre Anselmi alimtazama yule mama.

"Mwanangu, ungenyamaza ningebariki. Kwa nini umesema?"

"Jirani yangu aliniambia Mungu anaona mpaka chini ya jani. Jana neno hilo lilinipa moyo. Leo limenitia hofu. Nimekaa bila baraka miaka hii yote, Padre, na watoto wangu wako hai. Lakini baraka ya kuiba, nitaipanda wapi?"

 Padre akauliza tena, taratibu, "Unataka niwaambie watu hawa kwamba ndoa yako ni sawa?"

"Hapana, Padre. Naijua ilivyo."

"Unataka Komunyo?"

"Naitamani. Lakini sikuja kuiomba leo."

"Unaomba nini, basi?"

"Naomba watoto wangu wapate kula."

 Mzee yule akaegemea mkongojo wake, akamwita Simforosa mbele. Mama akapita katikati ya mabenchi akiangalia chini, watoto wake wakimfuata, maana hakuna aliyewaambia wabaki. Padre akamwomba mama mmoja ungo, akamwambia Evodia, "Fukua." Evodia akaondoa ulezi wake wa juu, akaondoa jani, akamimina kilichokuwa chini. Ndipo watu wote walipoona jinsi kilivyokuwa kidogo. Hakikufunika hata ungo. Wanawake walionong'ona walikuwa na watoto pia, na macho yao yalijua kupima chakula. 

"Mwalimu," alisema Padre, "umeilinda Komunyo, na umefanya vizuri, nami nakushukuru. Kwa mama huyu mlango huo bado umefungwa, na yeye mwenyewe hausukumi. Lakini baraka ni kitu kingine. Sibariki kikao cha ukoo kilichomrithisha. Anayekuja kuomba baraka haji kuonyesha usafi wake. Anakuja kukiri kwamba peke yake hawezi. Sasa nikimwambia mtu wa namna hiyo akae nje, nani atabaki humu ndani? Mimi na wewe? Na mimi sina hakika na mimi."

Akamgeukia mama. "Mbegu za nyumba ya nani?"

Simforosa aliinamisha kichwa. Mwanawe Gaudensi ndiye aliyejibu, "Za nyumba ya Simforosa."

"Bwana aikumbuke nyumba ya Simforosa, aipe mvua ya kutosha na mikono ya kuvuna. Na amwonyeshe njia, kwa wakati wake." Akanyunyiza maji, na mengine yakawapata watoto. Alipokuwa akipita akasema, "Na wewe, Evodia, mimi na wewe tuonane kwenye kitubio."

"Hata sasa hivi, Padre," Evodia alisema, na watu wakacheka, wakashusha pumzi.

Kikundi cha jembe kilikwenda shambani kwa Simforosa. Wengine walikwenda kwa moyo, wengine kwa aibu ya ule ungo. Matuta yakavunjwa kwa wakati, mvua ikanyesha, ulezi ukachipua.

Kisha viwavi wakarudi.

Hapa wapo wasimulizi wanaopenda kusema kwamba viwavi walizunguka shamba la Simforosa wasiliguse. Si kweli, na wazee waliotuachia kisa hiki hawakusema hivyo. Viwavi waliingia shambani kwake kama walivyoingia kwa wengine. Wakala upande wa bondeni wote, wakaacha wa juu. Na maneno yakaanza upya kisimani: "Si tulisema? Baraka ilichafuka." Simforosa alisikia akiwa na mtungi kichwani.  Alifika nyumbani, akatua maji, akachukua jembe, akaita watoto.

Viwavi walikuwa wanahama sasa kuelekea shamba la Mwalimu Damasi. Mke wake alikuwa amejifungua karibuni, na kila jirani alikuwa shambani kwake akiokoa kilicho chake. Mwalimu alikuwa peke yake akichimba mfereji wa kuwazuia, ule ambao viwavi wakitumbukia hufukiwa kwa udongo na majivu. Alikuwa hodari kwa katekisimu kuliko kwa jembe, na mfereji ulikuwa mfupi sana. Aliposikia sauti ya jembe jingine upande wa pili, aliinua kichwa, akamwona Simforosa anachimba kuja upande wake, na watoto wakibeba majivu kwa vibuyu.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu."

"Milele, amina." Akasimamisha jembe. "Shamba lako je?"

"Kwangu wamekwisha kupita. Wamekula walichokula."

"Mama Gaudensi, mimi ndiye niliyeweka kikapu chako ukutani miaka yote hiyo."

"Najua. Chimba, Mwalimu, wanakaribia."

Wakachimba mpaka mifereji ikakutana. Sehemu kubwa ya shamba la Mwalimu ilipona. Wakati wa mavuno, mke wake alipeleka mzigo wa ulezi nyumbani kwa Simforosa, na alipokelewa kwa adabu bila maneno mengi. Kwa ulezi huo na ule aliovuna mwenyewe upande wa juu, watoto walikula mwaka ule. Hawakushiba kila siku, lakini walikula.

Mwaka uliofuata, Dominika ya mbegu ilipofika, Simforosa alikuja na kikapu chake, na kwa mazoea, au kwa staha, akakiweka nje ukutani, akaingia kwenye benchi lake la mwisho. Vikapu vingine vya watu wa namna yake vilikuwa pale pia. Misa ilipokwisha, na kabla Padre hajauliza swali lake, Mwalimu Damasi alitoka nje. Watu wakadhani anakwenda kulinda mlango. Alirudi amebeba kikapu cha Simforosa kichwani, kama wanawake wanavyobeba, akakiweka mbele ya altare kando ya cha kwake. Kisha akatoka tena kuleta kingine, na kingine, mpaka ukuta ukabaki mtupu.

Simforosa aliendelea na benchi lake la mwisho kwa muda mrefu. Hakurudi kwenye Komunyo mpaka alipokuwa mwanamke mzee, shemeji yake alipofariki naye akawa huru. Mungu amrehemu, na amrehemu Mwalimu Damasi, na Evodia pia, ambaye inasemekana alikwenda kweli kwenye kitubio siku ileile na akakaa huko muda mrefu kuliko watu walivyotarajia.

Wenzangu, sisi tunaoamka alfajiri kuwasha moto tunajua kwamba baraka haipiki chakula wala haifukuzi viwavi. Simforosa naye alilijua hilo. Alichoomba ni nyumba yake itajwe mbele za Mungu pamoja na nyumba nyingine, kwa jina lake, bila jani juu. Alipokwisha kutajwa, alishika jembe akaenda kwa jirani. Tukitoka kanisani na maji ya baraka bado mabichi usoni, tuangalie kwanza ukutani kama hakuna kikapu cha mtu kilichoachwa nje.