Mchicha wa Tanuri la Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu walioshiba. Haya, mwenye masikio asogee, na mwenye chakula mdomoni akimeze kwanza, maana hadithi hii ni ya chakula.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji cha wanyama chini ya kilima, kando ya mto. Akaja Ngiri. Akachimba mawe, akajenga tanuri, akayayeyusha mawe yale apate madini ya risasi. Mivukuto ikalia vuuu, vuuu, vuuu. Moshi ukatoka mzito, ukashuka bondeni, ukalala. Vumbi lake likatua juu ya majani, likaingia udongoni.

Ngiri akawaita wanyama wote. Akasema, "Jirani zangu, mchicha wote ulioota kando ya tanuri langu ni wenu. Kuleni bure."

Bure. Mimi nikilisikia neno hilo huishika kanga yangu nikaifunga upya.

Kuku naye alikuwa hivyo hivyo. Mnamjua Kuku. Akinywa tone la maji, anatazama juu. Akinywa la pili, anatazama juu tena. Haiamini hata mbingu. Akasema, "Sili mpaka mwenyewe aonje." Ndiyo ilikuwa desturi ya kijiji kile. Mwenye chakula huonja kwanza, wenzake wakaona, ndipo nao wakala.

Ngiri hakubisha. Akang'oa mchicha, akatafuna, nyam, nyam, nyam. Akacheua.

"Nimekufa?" akauliza.

Wanyama wakacheka. Punda akasema, "Dua la kuku halimpati mwewe, bibi wee." Kuku akaona haya, akainama kudonoa. Wakala. Wakala siku ile, wakala kesho yake, wakala mwezi mzima, wakala hata mwaka ukaisha.

Basi Mbuzi alikuwa na mwana wake mmoja tu, jina lake Kiruka. Hakujua kutembea yule, alijua kuruka. Mwaka ule akaacha kuruka. Miguu ikawa inatetemeka, tete, tete, tete. Halafu likaja jambo baya zaidi. Mbuzi akiita "mee," Kiruka anainua kichwa, anatazama huku, anatazama kule, kisha anamfuata Kondoo. Sauti ya mama yake imempotea. Mbuzi alilia, na mimi kila nikifika hapa nataka kulia naye.

"Ni kijicho cha watu," akasema Punda.

Kuku hakuliamini hilo. Mayai yake mwenyewe yalikuwa yanatoka na maganda laini, yakiguswa yanabonyea. Akaanza kutazama.

Asubuhi moja akamwona mke wa Ngiri akitoka ng'ambo ya kilima, walikokaa yeye na watoto wake. Amebeba kapu la chakula cha mumewe. Ndani mna mchicha, tena umenyauka. Mama huyo akaupita mchicha mbichi wa tanuri bila kuugusa. Kesho yake vile vile. Kesho kutwa vile vile.

Kuku akawakusanya wanyama mbele ya tanuri, adhuhuri kweupe, mke wa Ngiri akiwepo.

"Mnataka nionje tena?" akauliza Ngiri, akainamia mchicha.

"Usionje," akasema Kuku. "Wewe ulionja mara moja, sisi tumekula mwaka. Walete wanao. Wakae hapa, wale mchicha huu, wanywe maji ya hapa mpaka masika yajayo. Wakiwa wazima, nitakuomba radhi mbele ya wote."

Ngiri akafungua kinywa akubali, lakini mkewe akamtangulia.

"Wanangu hawaji hapa," akasema taratibu.

"Kwa nini, mama?" akauliza Mbuzi.

Mke wa Ngiri akamtazama Kiruka, aliyekuwa ameegemea ubavu wa Kondoo. Akajifunika uso.

Siku ile ile wanyama wakalibomoa tanuri, puu, puu, puu. Wakamfukuza Ngiri, nao wakahamia mbali, upande wa juu wa mto. Ngiri alikwenda, lakini sumu ya moshi wake ilibaki udongoni. Mchicha wa pale uliendelea kuota, mbichi, mnene, na hakuna aliyeugusa.

Mayai ya Kuku yakawa magumu tena. Kiruka hakuijua tena sauti ya mama yake. Mbuzi akaacha kumwita. Jioni ikifika humfuata hadi alipo, humgusa kwa pua, wakarudi nyumbani pamoja.

Sikilizeni, wadogo na wakubwa. Sumu ya siku moja utaijua mwenye chakula akionja. Sumu ya kila siku haijulikani kwa kuonja. Mtu akikupa chakula bure, usitazame yeye anatafuna nini. Uliza wanawe wanakula wapi.

Hadithi yangu imeishia hapo, nami nakwenda kula kwangu.